Kimea Kipi Chafaa kwa Pombe ya Nyumbani?



Wako watu wasemao, "Pombe ni pombe tu, ikiisha kulewesha, yatosha." Neno hilo ni la mlevi, si la mnywaji. Mnywaji ana ulimi. Akionja kikombe kimoja ajua kama mpishi alikuwa na haraka, kama nafaka ilikuwa ya mwaka jana, kama kimea kilikauka vema juani au kililala na unyevu. Mlevi hana habari ya mambo hayo. Ndiyo sababu auziwa takataka.

Mimi ni mama wa nyumba, nakaa mtaa wa Kikula hapa Likasi. Kwa miaka mingi nimepika pombe ya sikukuu, ya kilimo na ya matanga. Leo nataka kueleza jambo moja tu, nalo ni kimea. Maji ya kisima changu ni yale yale, chungu ni kile kile, na makaa ni yale yale. Lakini nikibadili kimea, pombe nzima yabadilika: rangi, harufu, uzito, hata mazungumzo ya watu wanaoinywa.

KIMEA NI NINI

Punje ya nafaka ni kama ghala. Ndani yake mmejaa wanga, na pembeni mmelala mbegu ndogo. Punje ikikaa kavu, mbegu yaendelea kulala. Ikilowa maji, yaamka. Na mara inapoamka yaanza kutengeneza vitu ambavyo wataalamu waviita vimeng'enya. Kazi yao ni kuukata wanga na kuugeuza sukari, ili chipukizi lipate chakula mpaka litoe majani. Hapo ndipo sisi mama tunapoingilia. Twaiacha punje iamke, kisha kabla haijala ghala yake twaianika juani. Chipukizi lafa, bali vimeng'enya vyabaki ndani ya punje kavu, vikingoja.

Tukiisha kukisaga kimea hicho na kukitia katika uji vuguvugu, vyaamka tena. Kwa muda mfupi uji mzito uliosimamisha mwiko wageuka mwepesi kama maziwa, tena mtamu. Chachu haiwezi kula wanga, yala sukari. Pasipo kimea, hakuna pombe ya nafaka, kuna uji uliochacha tu.

Hapa Katanga tuna njia nyingine pia, nayo yajulikana na kila mtoto: munkoyo. Badala ya kimea twatia mizizi ya porini iliyopondwa katika uji wa mahindi, na mizizi hiyo ina nguvu ile ile ya kuukata wanga. Jioni watoto wanywa munkoyo mtamu. Kesho yake waanza kuchachuka na watu wazima wausogelea. Lakini munkoyo ni habari yake mwenyewe, na leo nasema juu ya kimea.

MABISHANO YA MATANGA

Mwaka 2019 ilitupasa kumaliza matanga ya mama mkwe wangu. Yeye mwenyewe alikuwa mpishi wa pombe aliyejulikana tangu Kikula hadi Panda. Jamaa wote walikubali kwamba haiwezekani kumaliza kilio cha mwanamke wa namna ile kwa kikombe kibaya. Lakini kikombe kizuri ni kipi? Hapo palitokea maneno.

Wifi yangu mkubwa alitaka makreti ya bia ya chupa, yachukuliwe kwa deni. "Watu wa mjini watatucheka," alisema. Mume wangu alinyamaza. Yeye alikuwa mmoja wa wafanyakazi karibu elfu kumi walioondoka Gécamines katika miaka ya 2003 na 2004, wakapewa fedha za mkono mmoja kisha wakaambiwa kwaheri. Tangu siku hiyo nyumba yetu yaishi kwa shamba dogo na biashara yangu ya unga. Nasi tulikuwa na binti katika mwaka wa mwisho wa sekondari, ambaye ada yake ya mtihani wa serikali ilikuwa haijalipwa. Deni la makreti lingeimeza ada hiyo, kila mtu alijua, bali hakuna aliyetaka kulisema neno hilo mbele ya wifi.

Basi mimi nikasema: "Nipeni majuma matatu. Nitapika vyungu vitatu, kila kimoja na kimea chake. Wazee watakapofika kutoka kijijini, waonje. Wakivikataa vyote, tutatafuta makreti." Wakakubali.

Ili mashindano yawe ya haki, nilifanya kila kitu sawasawa. Katika kila chungu nilipika uji wa unga wa mahindi, lita 20. Niliungoja upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia nikihesabu moja, mbili, tatu. Kisha nikatia kilo 2 za kimea kilichosagwa, nikakoroga, nikafunika hata asubuhi. Asubuhi nilichemsha tena kwa muda mrefu, nikapoza, nikatia kofi moja ya kimea kibichi kiwe chachu, nikaacha siku mbili, nikachuja. Kilichotofautiana ni kimea peke yake.

CHUNGU CHA MAHINDI

Sisi watu wa mjini tumezoea mahindi mno. Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwalisha wafanyakazi wake unga wa mahindi katika makambi, na tangu hapo bukari ya mahindi ndiyo chakula cha Likasi, Lubumbashi na Kolwezi. Kwa hiyo mwanamke wa mjini akitaka kimea, mkono wake waenda kwanza kwenye gunia la mahindi.

Kimea cha mahindi ni cha uvivu. Punje ni kubwa, yataka kulowekwa siku mbili, kisha siku tano au sita chini ya magunia, na wakati wa baridi ya mwezi wa saba hata zaidi. Nguvu yake ya kuukata wanga ni ndogo. Chungu changu cha kwanza kilibaki kizito kuliko vingine vyote. Ladha yake mwanzoni yapendeza: tamu, kama hindi bichi lililochomwa. Lakini moyo wa punje ya mahindi una mafuta mengi, na mafuta yakikaa huvunda. Siku ya pili baada ya kuchuja, pombe ile ilianza kutoa harufu ya mafuta ya zamani. Yafaa kunywewa upesi, na watu wengi, nayo iishe siku ile ile.

CHUNGU CHA MASAKA

Mtama, ambao watu wa kwetu wauita masaka, ni nafaka ya wazee. Hulowekwa siku moja, huota kwa siku tatu au nne. Nguvu ya kimea chake yapita ile ya mahindi kwa mbali, na uji ulilegea mbele ya macho yangu.

Lakini masaka si ya namna moja. Masaka meupe ni mapole. Pombe yake ni safi, yenye uchachu mwepesi. Masaka mekundu yana ukakasi, kwa kuwa ganda lake lina tanini, kitu kile kile kikazacho ulimi ukila pera bichi. Ndege hawapendi masaka hayo, na mkulima ayapenda kwa sababu hiyo hiyo. Tena tanini ikizidi hupunguza nguvu ya kimea. Nilitumia mekundu, ndiyo niliyoyapata. Pombe ilitoka na rangi ya tofali, nzito kinywani, na baada ya kumeza ulimi ulikauka kidogo, ukadai kikombe cha pili. Wanaume waipenda pombe hii baada ya kazi ya jembe.

Hapa naomba mama wasikie vema. Chipukizi la mtama lina sumu ndani yake. Wafugaji wajua kwamba ng'ombe akila mtama mchanga aweza kufa. Kwa hiyo kimea cha masaka sharti kikaushwe sana, kisuguliwe mikononi mpaka machipukizi na vijizizi vyote vidondoke, kipepetwe, kisha pombe ichemshwe vizuri. Mama mkwe wangu alipepeta mara tatu. Hakujua jina la sumu hiyo, lakini alijua kazi yake.

CHUNGU CHA ULEZI

Ulezi, Wabemba wauita amale, una punje ndogo kama mchanga, na bei yake ni kubwa. Ule niliotumia ulitoka upande wa Kasenga, nikaulipia karibu mara mbili ya masaka. Kuusafisha kwachosha, maana mchanga wa kweli na punje vyafanana. Lakini ulowekapo jioni, siku ya tatu umekwisha kuota, na kimea chake ni chenye nguvu sana miongoni mwa nafaka za nchi zetu za joto.

Nilipofunua chungu cha tatu, harufu ilijaza ua: kama majani makavu, kama karanga zilizokaangwa, na kwa mbali kama mkate uliotoka motoni. Pombe ilikuwa ya rangi ya majivu na kahawia, laini, na uchachu wake ulikuja polepole. Haikuukaza ulimi wala haikuwa na harufu ya mafuta.

Si ajabu kwamba watu wengi wa Afrika ya Mashariki wauheshimu ulezi. Wachaga wa Kilimanjaro watia kimea chake katika mbege yao pamoja na ndizi. Wateso wa Uganda wanywa ajono ya ulezi kwa mirija mirefu, wakikaa duara kuzunguka chungu kimoja. Magharibi ya Kenya, wapishi wa busaa wakaanga kinyunga cha mahindi juu ya bati mpaka kiwe cha rangi ya mkate, kisha wakitilia kimea cha ulezi: mahindi yatoa wingi, ulezi watoa nguvu na harufu. Mwaka 1939 Bibi Audrey Richards, Mwingereza aliyekaa na Wabemba ng'ambo ya mpaka, alichapisha kitabu juu ya mashamba na chakula chao, akaonyesha jinsi pombe ya ulezi ilivyoshika ukarimu, heshima kwa machifu na kazi ya pamoja ya shamba.

SHAYIRI YA WAZUNGU

Ili niweze kulinganisha vema, nilikuwa na kitu cha nne, kidogo tu. Mpwa wangu alirudi kutoka Ubelgiji akaniletea vifuko viwili vya kimea cha shayiri, ile nafaka ya bia ya chupa. Hakikutosha chungu, lakini njia nzuri ya kukijua kimea ni kukitafuna.

Kifuko cha kwanza kilikuwa cheupe. Punje ilivunjika kwa urahisi, ikawa tamu kama biskuti isiyo na mafuta. Kimea cha namna hii hukaushwa kwa moto mdogo, na ndicho kilichotoa bia ya dhahabu ambayo Josef Groll aliipika katika mji wa Plzeň mwaka 1842, mama wa bia nyeupe nyingi zinazonywewa leo duniani. Kifuko cha pili kilikuwa cha namna ya München, kilichokaushwa kwa moto mkali zaidi. Hicho kilikuwa na ladha ya ganda la mkate na asali kidogo. Ndiyo siri ya rangi: nafaka ni ile ile, moto ndio tofauti. Lakini moto una gharama yake, kwani vimeng'enya huungua. Kadiri kimea kinavyokuwa cheusi, ndivyo nguvu yake inavyopungua. Kilichokaangwa mpaka kuwa kama kahawa hakina nguvu hata kidogo, chatoa rangi na uchungu tu.

Shayiri ina bahati nyingine mbili. Ganda lake lafanya kichujio chenyewe. Tena wanga wake walainika kwa joto la digrii 60 na kitu, ambapo vimeng'enya vingali hai. Wanga wa masaka na mahindi hutaka joto zaidi, mara nyingi kupita digrii 70, na hapo vimeng'enya vyaanza kufa. Ndiyo sababu mama zetu hupika uji kwanza, wakaupoza, ndipo wakatia kimea. Hakuna aliyewapa kipimajoto, kidole kiliwatosha.

Wengine hudhani pasipo shayiri hakuna bia ya kweli. Si hivyo. Mwaka 1988 serikali ya Nigeria ilikataza kuingiza kimea cha shayiri, na viwanda vikajifunza kupika kwa masaka na mahindi. Huko Uganda tangu 2002 kiwanda kimoja kimetengeneza bia iitwayo Eagle kwa mtama wa wakulima wa nchi. Hata watawa wa Ubelgiji wasifiwao kwa bia yao hushika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo katika sura ya 40 yampa kila mtawa kipimo chake cha divai kwa siku, pamoja na onyo la kutokunywa mpaka kushiba. Kipimo chafaa kwa divai, chafaa kwa bia, chafaa kwa masaka.

HUKUMU YA WAZEE

Wazee walifika siku ya Ijumaa, wanne, na nkambo mmoja mwanamke ambaye alikuwa rafiki wa mama mkwe tangu ujana. Nikawapa vikombe bila kusema neno.

Chungu cha mahindi walikinywa, wakashukuru, wakaendelea na mazungumzo. Cha masaka kiliwafanya wakae vizuri kwenye viti. Nkambo alipoonja cha ulezi alishika kikombe kwa mikono miwili, akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Nani alimfundisha huyu?" Wifi yangu akajibu, "Mama." Na baada ya neno hilo habari ya makreti haikutajwa tena.

Lakini ulezi peke yake kwa watu mia ulikuwa haulipiki. Nkambo ndiye aliyenipa shauri: masaka sehemu tatu, ulezi sehemu moja. Masaka yatoa mwili na rangi, ulezi watoa harufu na nguvu, na ukakasi wa masaka wafunikwa. Ndivyo nilivyopika kwa matanga. Pombe ilitosha, hakuna aliyeanguka njiani, na hatukudaiwa na mtu. Binti yetu alifanya mtihani wake pamoja na wenzake.

NAFAKA MBOVU

Nimebakiza neno moja, nalo ni zito kuliko ladha. Mwanamke apikaye kwa ajili ya ada za watoto hujaribiwa na bei. Mchuuzi amwambia, "Mama, gunia hili lililowa mvua, nitakupa kwa nusu, kwa pombe lafaa." Halifai! Ukungu wa kijani au mweusi juu ya nafaka huacha sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye ukungu. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2015, huko Chitima katika jimbo la Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe katika matanga. Wengi walisema ni nyongo ya mamba. Baadaye wachunguzi waligundua kwamba ni sumu ya vijidudu vilivyoota katika unga wa mahindi ulioharibika. Mama aliyeipika alikufa pamoja na wageni wake.

Kwa hiyo kabla ya kuloweka, nusa nafaka, ivunje kwa meno, itazame moyoni. Punje isiyoota itupwe, isisagwe pamoja na nyingine. Kimea kikinuka udongo uliolowa, wape moto, wala usiwape kuku. Kikauke mpaka kilie mkononi kama mchanga. Na usiku wa mvua, kiingizwe ndani hata kama wewe mwenyewe walala mlangoni.

Tena nawaomba mama wenzangu: waiteni binti zenu mnapoanika kimea. Siku hizi vijana wanunua lutuku na vifuko vya pombe kali kwa fedha kidogo, vyawaua kidogo kidogo, kwa sababu hawajapata kuonja kitu kilichopikwa kwa siku saba na mtu anayewapenda. Si lazima binti awe mpishi wa pombe. Lakini akijua kutofautisha harufu ya ulezi mzuri na ya gunia lililolowa, hatadanganywa sokoni, wala katika unga wa bukari, wala katika uji wa mtoto wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: aanze na kopo moja la masaka, gunia safi, na maji ya kutosha, na siku ya tano aje atafune punje yake.